Maswali ya Wazazi: Mtoto Mchanga na Choo Kigumu

Barua za choo cha watoto wachanga zimejaa mezani. Tumechagua tano. Mtakaoandika tena, tajeni mambo matatu: umri wa mtoto kwa siku au wiki, anachokula, na choo chenyewe kikitoka kikoje, cha majimaji, laini kama uji mzito, au vidonge kama mavi ya mbuzi. Ukituambia tu kwamba zimepita siku nne, hatuwezi kujua kama mtoto ni mgonjwa au ni mzima kabisa.

Mtoto alizaliwa Jumanne jioni, leo ni Ijumaa asubuhi. Tulitoka wodini mapema kwa kuwa mama alikuwa mzima. Mtoto hajatoa choo hata mara moja, na usiku ametapika kitu cha kijani. Nimnunulie dawa gani?
*Baba wa kwanza, Busia*

Mwandishi wa barua hii tumeshamjibu moja kwa moja, maana haikuwa ya kungoja gazeti. Tunaichapa kwa ajili ya wengine.

Usinunue dawa yoyote. Nenda hospitali sasa hivi. Mtoto aliyetimiza miezi yake tumboni hutoa kile choo cheusi kinachonata ndani ya saa 24 za kwanza, na karibu wote huwa wamekitoa kufikia saa 48. Saa hizo zikipita, huyo hahesabiwi tena kuwa amefunga choo. Anachunguzwa kama mtoto ambaye njia yake imeziba. Huenda tundu la haja kubwa halikufunguka au ni jembamba mno, huenda utumbo umejisokota au haukuungana, au ana ugonjwa wa Hirschsprung, ambapo kipande cha mwisho cha utumbo kimekosa chembe za neva za kukiamuru kisukume. Matapishi ya kijani ni nyongo. Kwa mtoto wa umri huu, nyongo inamaanisha utumbo umeziba mpaka daktari athibitishe vinginevyo.

Njiani mfunge kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, asipate baridi. Asipewe maji, mafuta wala bomba la kumsafisha tumbo. Kituo cha karibu kinaweza kumwekea mpira wa kutoa kilichomo tumboni na dripu, kisha kimpeleke kwenye hospitali yenye madaktari wa upasuaji wa watoto, kama Mulago au Mbarara. Na kwa wote wanaoruhusiwa mapema: kabla ya kutoka wodini, muulize mkunga, “Ametoa choo? Amekojoa?” Kama bado, uliza urudi saa ngapi.

Mtoto wangu ana siku 8. Tangu juzi amechafua nepi mara moja tu, kidogo, tena rangi bado ni kijani cha giza. Analala sana. Shangazi wa mume wangu ameleta kyogero, yale maji ya mitishamba ya kuogeshea watoto, anamwogesha na kumnywesha vijiko viwili, na maji ya sukari kidogo kwa ajili ya tumbo. Choo bado hakiji.
*Mama, Masaka*

Mama, hapa tunashuku kilicho kidogo ni maziwa yanayoingia. Kwa mtoto wa siku 8 anayenyonya, choo kinatakiwa kiwe kimeshageuka manjano tangu siku ya 5 hivi, na kitoke mara 3 au zaidi kwa siku. Mkojo nao uloweshe nepi 6 au zaidi kwa saa 24. Mtoto wa wiki ya kwanza au ya pili anayetoa choo kidogo, cha kijani cha giza, huku akilala sana, mara nyingi hashibi. Ukiona kwenye nepi doa la rangi ya matofali baada ya siku ya 4, hiyo nayo ni dalili ya mkojo mzito wa mtoto asiyepata maziwa ya kutosha.

Leo hii mpeleke apimwe uzito, na uende na kadi yake. Watoto hupungua siku za mwanzo, lakini upungufu usizidi asilimia 10. Aliyezaliwa na kilo 3.2 asishuke chini ya kilo 2.9 hivi, na kufikia wiki ya 2 awe ameirudia 3.2 yake. Baada ya hapo aongezeke gramu 20 hadi 30 kwa siku.

Sasa maji ya sukari na kyogero. Tumbo la mtoto wa siku 8 ni dogo sana. Vijiko viwili vya maji vinakaa mahali pa maziwa, mtoto anatulia kama aliyeshiba, analala, hanyonyi, na ziwa lisiponyonywa linapunguza kutengeneza. Kesho yake choo kinakuwa kidogo zaidi na shangazi anaongeza kijiko cha tatu. Shangazi umheshimu, na kuoga kunaweza kungojea kitovu kikauke, lakini kisiingie kitu kinywani mwa mtoto zaidi ya maziwa yako mpaka miezi 6.

Mnyonyeshe mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Zikipita saa 3 amelala, mwamshe: mvue nguo, badilisha nepi, mpapase nyayo. Angalia anavyoshika ziwa. Mdomo uwe wazi sana, kidevu kiguse ziwa, mdomo wa chini ugeuke nje, na ule weusi unaozunguka chuchu uonekane zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Usikie kumeza, si kufyonza tu kwa haraka haraka. Chuchu ikitoka imebanwa, imechongoka upande mmoja, au inakuuma muda wote, ameshika vibaya. Mtoe kwa kupitisha kidole kwenye pembe ya mdomo, uanze upya. Kama bado anachoka mapema, kamua kwa mkono na umpe kwa kikombe kidogo kilichochemshwa. Mwombe mkunga akae nawe mnyonyesho mmoja mzima, asikuachie maneno tu.

Akiwa hawezi kuamka kunyonya, amelegea, macho au ngozi ya manjano imeshuka mpaka kwenye nyayo, joto la kwapani limefika 37.5 au limeshuka chini ya 35.5, au anapumua mara 60 na zaidi kwa dakika, usisubiri kliniki ya kesho.

Mjukuu wangu ana wiki tatu. Akitaka choo anajikamua, anakuwa mwekundu, analia robo saa nzima kama anachomwa. Halafu kinatoka, tena laini! Sisi zamani tulikuwa tunachonga kipande cha sabuni tunaingiza kidogo. Binti yangu anakataa. Nani yuko sawa?
*Jaja, Arua*

Jaja, safari hii binti yako yuko sawa.

Ili choo kitoke, tumbo lazima lisukume na njia ya chini ilegee kwa wakati mmoja. Mtoto wa wiki tatu hajajua kuunganisha hayo mawili. Anasukuma juu huku amebana chini, kisha analia, na kulia kwenyewe kunamsaidia kusukuma. Anaweza kuhangaika dakika 10 hadi 20. Ushahidi kwamba hajafunga choo umeuandika mwenyewe: kinatoka laini. Anajifunza, na ataacha peke yake baada ya wiki kadhaa, wengine miezi.

Sabuni inafanya kazi kwa sababu inaunguza. Ngozi ya ndani pale ni nyororo, sabuni inaichubua, utumbo unashtuka na kutoa kila kilichomo. Siku inayofuata choo kinapita kwenye kidonda, mtoto anaumia, anabana zaidi. Pia unamfundisha asisukume mpaka achokozwe. Kidole, ncha ya kipimajoto, bua la mboga, hukumu yetu ni hiyo hiyo. Bomba la mpira la maji ndilo baya kuliko yote, kwani linaweza kutoboa utumbo, na maji mengi yakiingia mwilini yanavuruga chumvi ya damu mpaka mtoto apate degedege.

Mikono yako ina kazi nyingine. Mlaze chali, shika miguu chini ya magoti, ikunje polepole mpaka mapaja yaguse tumbo, hesabu mpaka 5, inyooshe. Rudia mara kumi hivi, kisha mguu mmoja mmoja kama anayeendesha baiskeli. Kitovu kikishaanguka na kukauka, paka mafuta kidogo viganjani, yapashe moto kwa kusugua, kisha anza chini upande wa kulia wa tumbo lake (kwako wewe uliyemwelekea ni kushoto), panda mpaka chini ya mbavu, vuka, shuka upande wa pili. Huko ndiko utumbo mpana unakopita. Bonyeza kiasi cha ngozi kubonyea tu, dakika 5, kabla ya kunyonya au angalau nusu saa baadaye, la sivyo atacheua. Maji ya uvuguvugu ya kuoga nayo humlegeza. Akianza kujikamua, mwinue mgongo ukiegemea kifua chako, magoti yake yakiwa yamekunjwa juu, mkao wa kuchuchumaa.

Mtoto ana wiki sita. Nilirudi saluni, mchana anakunywa maziwa ya kopo, usiku ananyonya. Naongeza kijiko kimoja cha unga wa kopo ili ashibe vizuri. Sasa anatoa vidonge vikavu kila baada ya siku tatu, na jana niliona mstari wa damu. Shemeji anasema nichanganye maziwa ya ng’ombe, ni rahisi. Jirani anasema asali.
*Mama, Entebbe*

Huyu kweli amefunga choo, na kile kijiko cha ziada ndicho tunachokishuku kwanza. Unga ukizidi, maji yanapungua. Mwili unayatafuta kwingine, unayanyonya kutoka kwenye mabaki yaliyomo utumboni, na choo kinabaki kikavu. Wala hashibi zaidi. Anapata kiu, analia, na wewe unadhani ni njaa.

Soma kopo lako. Mengi yanataka kijiko 1 kwa mililita 30 za maji, lakini yapo ya kijiko 1 kwa 60, kwa hiyo usitumie kijiko cha kopo moja kwenye kopo jingine, sembuse kijiko cha chai. Chemsha maji mpaka yatokote sawasawa, yaache kwenye birika yapoe kwa muda usiozidi nusu saa, yabaki na joto la nyuzi 70 au zaidi, kwa kuwa unga wenyewe unaweza kuwa na vijidudu. Mimina maji kwanza, chupa ikiwa mezani, jicho lako likiwa sawa na mstari. Hapa wengi hukosea: wanatia unga, kisha wanajaza maji mpaka mstari wa 120. Unga umeshachukua nafasi, maji hayafiki 120, na maziwa yanakuwa mazito bila mtu kuongeza chochote. Kijiko kijae bila kushindiliwa, ukikate juu kwa kisu safi. Tikisa, pooza chupa kwenye bakuli la maji baridi, onja joto kwenye kifundo cha mkono. Kilichobaki baada ya mtoto kunywa kimwagwe.

Kwa kukadiria, mtoto wa umri huu asiyenyonya hunywa mililita 150 kwa kila kilo kwa siku. Wa kilo 4 ni 600, akila mara 8 ni kama 75 kila mara. Wako ananyonya usiku, kwa hiyo ya kopo ni pungufu ya hapo. Wala usiende upande wa pili ukaongeza maji ili kopo lidumu mwezi. Choo kitalainika, uzito utashuka.

Maziwa ya ng’ombe yana protini na chumvi nyingi kuliko figo za mtoto zinavyoweza, yanakausha choo, na yanaweza kumtoa damu ndogo ndogo utumboni mpaka akaishiwa. Yasiwe kinywaji chake kabla ya mwaka 1. Asali pia, mpaka mwaka 1. Inaweza kubeba mbegu za kijidudu cha botulizimu, kinacholegeza misuli ya mtoto, na dalili yake ya mwanzo mara nyingi ni kufunga choo.

Mstari mwekundu juu ya kidonge kigumu kwa kawaida ni mchubuko. Damu iliyochanganyika ndani ya choo, nyeusi, au yenye ute ni jambo la leo leo. Kwa mtoto wa wiki sita, damu yoyote aione mhudumu wa kituo. Rekebisha uchanganyaji, na kama siku mbili tatu zimepita na vidonge bado vinatoka, yeye ndiye atakayechagua dawa ya kulainisha kwa uzito wa mtoto. Dawa ya watu wazima ya dukani isiguswe. Na kama saluni ina kona tulivu, kamua mchana. Maziwa yako hukaa kivulini saa 4 bila kuharibika, na yanalainisha choo kuliko kitu chochote tulichokitaja.

Mtoto wa wiki nane, ziwa tu. Alikuwa anatoa kila akinyonya, sasa ni siku ya tano kimya. Anacheka, anakojoa. Wanasema ni matoke ninayokula, au vidonge vya damu nilivyopewa kliniki. Niache?
*Mama, Jinja*

Usiache chochote. Baada ya wiki sita, mtoto wa ziwa tu anaweza kukaa wiki, hata siku kumi, kwa kuwa maziwa ya mama hufyonzwa karibu yote na mabaki ni machache. Muda wa kutotoa choo haumdhuru, maadamu kitatoka laini, tumbo linabonyea, nepi 6 zinalowa, na uzito unapanda kwenye kadi. Tumbo likikaza na kung’aa, akikataa ziwa au akitapika kijani, nenda hospitali siku ile ile. (Siku choo kitakapokuja, kitakuja chote. Usimbebe ukiwa umevaa gomesi ya harusi.)

Matoke hayapiti kwenye maziwa yakamfunga mtoto. Madini ya chuma ya vidonge yanaweza kukausha choo chako wewe na kukifanya cheusi, lakini yanayofika kwenye maziwa ni kidogo mno. Vimeze baada ya chakula, kunywa maji kila unaponyonyesha, na weka mboga za majani kama dodo au nakati karibu na hayo matoke.