Faiawoli ya Windows inatosha, usiizime

Dada, umeuliza kama ununue faiawoli (programu ya kulinda kompyuta dhidi ya wavamizi wa mtandaoni) nyingine kwa laptopu ya nyumbani au ubaki na ile iliyokuja na Windows. Baki nayo. Tangu Service Pack 2 (sasisho kubwa) ya Windows XP mwaka 2004 huwa inakuja ikiwa imewashwa tayari, na kazi yake kubwa inaifanya vizuri: kumzuia yeyote anayetaka kuingia kutoka nje bila kualikwa.

Cha kuangalia zaidi ni mipangilio. Ukiunganisha waifai ya hotelini au mgahawani, hakikisha umeuweka kama mtandao wa umma, si wa faragha. Na likitokea dirisha linaloombea ruhusa programu usiyoijua, kataa.

Ila kuna jambo moja ambalo faiawoli hiyo hailifanyi mpaka uiamuru: kuzuia kinachotoka. Kwa kawaida programu iliyomo ndani ya kompyuta inaruhusiwa kutuma data itakako. Kama unatumia bando la simu na linaisha bila kuelewa limeliwa na nini, hapo programu iitwayo GlassWire inasaidia sana, maana inakuonyesha kila programu imetumia kiasi gani.

Usiweke faiawoli mbili zikafanya kazi moja kwa pamoja, tafadhali. Kwenye kompyuta ya mdogo wangu zilikuwa mbili, printa ya waifai ikapotea siku mbili nzima. Tulipoondoa moja na kuwasha upya, ikarudi.

Kama ni Mac, ingia kwenye mipangilio uiwashe mwenyewe, kwa kawaida huja imezimwa.