Jibu: Changu bado wapo sokoni, hasara ya mafuta iko wapi?

Kaka, umeuliza: dizeli ikimwagika mkondo wa Mkanda, hapa kwetu Lamu, na siku ya pili changu bado wapo sokoni, hasara iko wapi? Iko kwenye mayai.

Samaki mkubwa ana mapezi, huhama. Ini lake nalo huivunjavunja sumu ya mafuta, ikatoka kupitia nyongo. Yai halina pa kwenda. Tena kiasi usichokiona kwa macho hutosha kuvuruga mapigo ya moyo wa kiinitete kilichomo ndani: maji hujaa kuzunguka moyo, mgongo hupinda. Anayenusurika huanguliwa na moyo mbovu, haogelei kasi, na baharini asiye na kasi ni kitoweo. Jua kali kama letu huizidishia sumu hiyo makali.

Kule Alaska, Marekani, meli ya mafuta ya Exxon Valdez ilipasuka Machi 1989. Katika vijito vilivyopata mafuta, mayai ya samoni yaliendelea kufa kupita kawaida hadi 1993, maana mafuta yalijificha chini ya kokoto. Kwetu sisi pa kujificha ni tope la mikoko, na humo ndimo kamba na watoto wa samaki wengi hukulia. Tope lile halina hewa, mafuta hukaa miaka.

Mwaka juzi nilipasua tafi aliyevuliwa karibu na gati. Nje mzuri, utumbo unanuka dizeli kama injini ya boti. Paka walimkataa, na paka wa Lamu mnawajua! Ukinunua, usihadaiwe na ngozi, anza kunusa utumbo.