Phnom Penh Wakati wa Mvua: Ushauri kwa Anayepanga Safari

Wanaoniuliza mwezi ufaao kwenda Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, hutarajia niwatajie Desemba au Januari, kwani ndivyo wanavyoelekezwa na mawakala wa safari: anga safi, joto la wastani, barabara kavu. Mimi huwaambia waende kati ya Agosti na mwanzoni mwa Oktoba, mvua zikiwa zimekolea. Sisemi hivyo kwa ubishi, wala si kwa sababu tu bei za vyumba hushuka wakati huo, ingawa hushuka kweli. Mji ule uliwekwa pale kwa ajili ya maji, na mgeni anayeufikia kiangazi huukuta mto umelala chini sana ya kingo zake, akaondoka bila kuelewa ni kitu gani kiliwavuta watu kujenga makao yao makuu mahali hapo.

Phnom Penh iko kwenye makutano ya Mekong na mto Tonle Sap, na hapo hapo maji yakishaungana hugawanyika tena kuwa Mekong ya chini na mto Bassac, yote miwili ikishuka hadi Vietnam. Kiangazi, Tonle Sap hufanya kazi ya mto wowote: huyatoa maji katika ziwa kubwa lenye jina hilo hilo, lililoko kaskazini-magharibi, na kuyaleta mjini. Mvua zinapoanza mwezi Mei, zikiletwa na pepo za kusini-magharibi ambazo ni ndugu wa kusi letu, Mekong huanza kujaa kwa maji ya Kambodia yenyewe na ya Laos na ya milima ya mbali huko China, hata kimo chake kikapita kile cha ziwa. Hapo, kuanzia Juni hivi, Tonle Sap hugeuza mwendo na kurudi ulikotoka, na huendelea kupanda kuelekea ziwani hadi Septemba au Oktoba. Ziwa ambalo kiangazi lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 2,500 hutanuka kupita 10,000, likaifunika misitu ya pembezoni, na samaki huingia humo kuzaana na kunenepa. Maji yakianza kushuka, samaki hao hushuka nayo, na ndio kitoweo cha nchi nzima.

Jambo hili huwezi kulielewa kwa kusimuliwa. Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni kwamba siku ya kwanza usiende popote. Shuka ufukweni kwenye barabara ya Sisowath Quay, simama mbele ya Kasri la Kifalme, na uyatazame magugumaji. Wenyeji wa Ziwa Victoria wanayajua vizuri na hawayapendi, lakini pale yana faida yake, kwa kuwa yanaelea katika mafungu ya kijani na kukuonyesha maji yanakoelekea. Mwezi wa Agosti utayaona yakienda kaskazini, kinyume na bahari, kwa kasi ambayo mtu anayetembea kwa mguu hupata taabu kuandamana nayo. Mbele kidogo, mahali maji ya Mekong yanapoingia, utaona mikondo ikisukumana na kuzungushana. Mashua za kuwatembeza watu jioni huondoka papo hapo ufukweni, na nauli yake ni ndogo. Chagua yenye paa.

Baada ya hapo, acha mvua ikupangie ratiba. Watu wengi hudhani kwamba msimu wa mvua maana yake ni kunyeshewa kutwa, na siku za namna hiyo zipo, hasa Septemba na Oktoba. Lakini siku ya kawaida huwa na asubuhi nyeupe, mawingu huanza kujikusanya baada ya adhuhuri, na mvua hushuka kwa nguvu kati ya saa nane na saa kumi na moja, ikanyesha kwa saa moja au mbili, kisha jioni hufunguka ikiwa na ubaridi ambao Aprili ungeulipia fedha. Anayeijua ratiba hii hapotezi chochote. Anayelala hadi saa nne asubuhi, akapata kifungua kinywa taratibu, akatoka saa saba, huyo ndiye atakayerudi nyumbani akilalamika kwamba mvua ilimharibia safari.

Toka basi saa kumi na mbili asubuhi, uwakute wenyeji wakifanya mazoezi ufukweni. Kasri la Kifalme, ambalo ujenzi wake ulianza 1866 makao ya mfalme yalipohamishwa kutoka Oudong, lifikie mara tu linapofunguliwa, kwa maana desturi yake ni kufungwa kwa saa kadhaa mchana. Humo ndani kuna hekalu ambalo sakafu yake imetandazwa vigae vya fedha zaidi ya 5,000, vingi vikiwa vimefunikwa kwa mazulia. Mabega na magoti lazima yafunikwe, na koti la mvua linaloonyesha ndani halihesabiwi kuwa vazi. Mchana nenda Makumbusho ya Taifa, jengo jekundu lililofunguliwa mwaka 1920, jirani kabisa na kasri. Naliweka mchana makusudi. Kumbi zake za sanamu za Wakhmer, kabila kubwa la nchi ile, zinazunguka ua wenye bustani na vidimbwi vya mayungiyungi, nazo ziko wazi kuelekea huko, hivyo mvua inapoanza unaweza kukaa barazani ukaitazama ikipiga majani, nyuma yako akiwamo Vishnu, mungu wa Kihindu, wa mikono minane aliyechongwa kwa jiwe zaidi ya karne 13 zilizopita. Sijaona mahali pazuri zaidi pa kungojea mvua ipite katika mji ule.

Mafuriko ya barabarani ni suala jingine, na hapa nataka kuwa mkali kidogo. Mji umekaa bondeni, umezungukwa na matuta, na maji yake mengi hayawezi kutoka bila kusukumwa kwa pampu. Zamani maziwa na mabwawa ya ndani yaliyapokea maji ya mvua, lakini mengi yamefukiwa ili kupata viwanja. Boeung Kak, lililokuwa ziwa kubwa kaskazini mwa mji, lilianza kujazwa mchanga mwaka 2008, na familia nyingi ziliondolewa hapo. Matokeo yake ni kwamba mvua ya saa moja inatosha kuifanya mitaa fulani ijae maji hadi magotini. Maji hayo si ya mvua peke yake, kwa kuwa mifereji ile ile ndiyo inayobeba majitaka. Usiyakanyage kwa mchezo, na ukiwa na kidonda mguuni usiyakanyage kabisa. Huwezi kujua pale chini kuna shimo lisilo na mfuniko au la. Ingia mkahawa wowote, agiza kahawa ya barafu yenye maziwa mazito, na ungoje. Mara nyingi maji hupungua yenyewe muda si mrefu baada ya mvua kukatika.

Kwa miguu, acha raba nyumbani, kwani zikilowa hazikauki kwa hewa ile. Viatu vya plastiki vyenye mkanda wa nyuma ndivyo vinavyofaa. Kandambili hubaki kwenye matope. Mwavuli husaidia kidogo tu, lakini makoti mepesi ya plastiki huuzwa kila kona kwa bei ya chini. Usafiri hautakupa shida, maana mji umejaa bajaji, zile zile za kutoka India tunazozijua, na huitwa kwa programu za simu kama PassApp na Grab, hivyo nauli unaiona kabla ya kupanda. Dereva atashusha mapazia ya plastiki pembeni, nawe utafika ukiwa umelowa upande mmoja tu.

Sisi tunaotoka Afrika Mashariki tuna tabia moja inayoweza kutuponza kule. Tumezoea mbu wa malaria, anayeuma usiku, kwa hiyo mchana hatujishughulishi naye. Katika mji wa Phnom Penh hatari kubwa ni dengi, inayoongezeka msimu wa mvua, na mbu wake huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya jua kuzama. Waliokuwa Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019 hawahitaji kuelezwa maumivu ya viungo yanayoletwa na ugonjwa huo. Paka dawa ya kufukuza mbu kila asubuhi kabla ya kutoka. Ukipata homa kali, tumia parasetamoli, usitumie aspirini wala ibuprofeni, na nenda ukapimwe damu upesi. Beba pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa Kambodia hukidai kwa wanaotoka katika nchi zenye hatari ya ugonjwa huo.

Chakula cha msimu huu kinatosha kuwa sababu ya safari. Shokishoki hujaa sokoni kwa mafungu makubwa, na doriani pia, hivyo Mzanzibari atajiona kama yuko Darajani, isipokuwa bei atatakiwa kuipatana kwa vidole. Asubuhi tafuta num banh chok, tambi laini za mchele zinazomwagiwa mchuzi mwepesi wa samaki na kuwekewa majani mabichi juu. Huuzwa mapema na mara nyingi huisha kabla ya saa nne. Soko Kuu, lenye kuba la manjano lililokamilishwa mwaka 1937, ni zuri kulitazama, ila vitu vyake ni ghali kuliko masoko ya mitaani, na barabara zinazolizunguka hujaa maji upesi. Waislamu wasiwe na wasiwasi: Wacham, ambao ni Waislamu wenyeji wa nchi ile, wanaishi kwa wingi kandokando ya mito, na migahawa ya halali haikosekani, hasa karibu na msikiti mkubwa wa Al-Serkal uliofunguliwa upya mwaka 2015.

Kuna mahali pamoja ambapo mvua huleta uzito wa aina nyingine. Choeung Ek, kilomita zipatazo 15 kutoka katikati ya mji, ni uwanja walikouawa wafungwa wa Khmer Rouge, wakomunisti walioitawala nchi, kati ya 1975 na 1979, wengi wao wakiletwa kutoka Tuol Sleng, iliyokuwa shule ya sekondari kabla ya kugeuzwa gereza. Makaburi ya halaiki yalifukuliwa na miili karibu 9,000 ikapatikana, lakini mengine yaliachwa yalivyo, na kila msimu wa mvua udongo unapooshwa, vipande vya mifupa na vya nguo hujitokeza juu, na wahifadhi huvikusanya. Tembea kwenye njia zilizotengenezwa, usiokote kitu, na watoto wadogo waache hotelini. Usiweke Tuol Sleng na Choeung Ek katika siku moja na kasri au soko. Zipe asubuhi yake, kisha mchana pumzika.

Ukitaka kutoka nje ya mji, vuka kwa pantoni hadi kisiwa cha Koh Dach, penye wafumaji wa hariri wanaoweka vitanda vyao vya kufumia chini ya nyumba zilizosimama juu ya nguzo. Barabara zake wakati huo ni tope, na Mekong ikijaa sana sehemu za chini hufunikwa, kwa hiyo waulize wenyeji asubuhi hiyo hiyo kabla ya kuondoka.

Kuhusu kuingia nchini, fika kwa ndege. Vituo vya mpakani kati ya Thailand na Kambodia vilifungwa mwaka 2025 kutokana na mgogoro wa nchi hizo mbili, na si busara kuipanga safari kwa kutegemea basi kutoka Bangkok. Chukua dola za Marekani ambazo hazijachanika wala kuchorwa, maana hata mchaniko mdogo hufanya noti ikataliwe. Chenji utarudishiwa kwa rieli, ambazo zipatazo 4,000 ndizo dola moja.

Kabla ya kulipia tiketi, angalia kalenda. Pchum Ben, siku 15 za kuwaombea na kuwalisha wafu, huangukia Septemba au Oktoba, na katika siku zake za mwisho watu hurudi mikoani kwao, maduka na migahawa mingi ikafungwa, na nauli za mabasi zikapanda. Anayependa mahekalu atafurahi, kwa kuwa alfajiri hujaa watu wanaoleta wali. Anayetaka kufanya manunuzi afike wiki moja kabla. Sikukuu ya Maji, yenye mashindano ya makasia mbele ya kasri, huja baadaye, mara nyingi Novemba mwezi ukiwa mpevu, mvua zikiwa zimekwisha na Tonle Sap umeanza tena kushuka, na vyumba vinavyoutazama mto huwekewa nafasi mapema sana.