Forester km 98,000: belti ukibadilisha, pampu usiiache

Kaka, umeuliza kama ni sawa fundi abadilishe taimingi belti (ile inayoenda pamoja na krenki na valvu) peke yake kwenye Subaru Forester yako aiache wota pampu, ile inayozungusha maji ya kupoza injini, kwa sababu haivuji. Usikubali. Kwenye injini yake ya EJ20 pampu inazungushwa na hiyo hiyo belti, kwa hiyo siku ikianza kuvuja kazi yote inafunguliwa upya na ufundi unalipa mara ya pili, na beringi yake ikijam belti inaruka, valvu zinagonga pistoni, hapo unatafuta injini sio belti tena. Mi yangu niliiacha, miezi saba tu nikaona kulanti (maji ya kupoza injini) inachuruzika chini ya kava la belti, roho iliniuma kweli.

Nunua seti nzima, belti, tenshena (inayoikaza belti), roli zake na pampu. Halafu simama hapo anapofunga: alama ya krenki (shafti kuu ya injini) ya kupangia belti ni kile kimstari kidogo nyuma kwenye jino la gia yake, SIO mshale, wengi wanaharibu hapo hapo. Kabla hajawasha azungushe krenki kwa mkono raundi mbili, ikigoma asilazimishe. Kulanti weka ya ukweli, maji ya bomba hapana, na hewa yote itolewe.