Barua kwa Mwanangu: Mchungaji wa Bukoba Kati ya Wanafunzi wa Ujerumani

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe.

Barua yako imenifikia. Unauliza kwa nini baba yako, mchungaji wa Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ya kanisa letu la Kilutheri, amekubali kutumwa Ujerumani kuwahudumia wanafunzi wa chuo kikuu, ilhali vijana wa huku wanaliacha kanisa na wazee wao ndio waliotuletea Injili.

Nianze na hilo la mwisho, kwa sababu si kweli yote. Wamisionari wa Bethel, shirika la misheni la Kijerumani, walipofika Bukoba mwaka 1910, waliwakuta vijana wa Kihaya ambao walikuwa wamekwisha kuipokea imani Uganda na kuyasoma Maandiko kwa Kiganda. Tena tangu mwaka 1996 Umoja wa Misheni wa Kiinjili, wenye makao yake Wuppertal huku Ujerumani, si chama cha Wajerumani wanaotuma watu kwetu, bali ni ushirika wa makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani, na dayosisi yetu imo. Kwa hiyo sikuja kulipa deni.

Kazi yenyewe ni ya kawaida kuliko unavyodhani. Usharika wa wanafunzi hukutana jioni moja katikati ya wiki kwa ibada fupi, kisha chakula ambacho wanafunzi hukipika kwa zamu, kisha mazungumzo yanayopita saa ya kufunga jengo. Wanaobaki hadi kuosha vyombo mara nyingi ni Wakameruni na Waindonesia, wageni kama mimi. Ili apate viza, mwanafunzi wa kutoka nje kwa kawaida hutakiwa kuonyesha euro 11,904 za mwaka mmoja, zikiwa katika akaunti maalumu inayomruhusu kutoa sehemu tu kila mwezi. Fedha hizo zikiisha, au mzazi aliyezikopa akiugua, sheria inamruhusu kufanya kazi siku nzima 140 kwa mwaka, na mitihani haimsubiri. Huja kwangu akisema anataka maombi. Tunaomba kweli, kisha tunajaza fomu za mfuko wa dharura, na ni wakati wa kujaza fomu ndipo anapoeleza kwamba amekwepa simu za mama yake kwa muda mrefu, kwa kuwa nyumbani wanadhani anatajirika.

Kuhusu vijana wa Kijerumani, usidhani kwamba wamemchukia Mungu. Wengi wa hawa ninaozungumza nao walipata kipaimara wakiwa na miaka 14 hivi, na baada ya hapo hakuna aliyewauliza neno. Wenzao walioanza kazi hukuta katika mshahara wa kwanza kwamba kodi ya kanisa, ambayo huku Rhineland, magharibi mwa Ujerumani, ni asilimia 9 ya kodi ya mapato, imekwisha kukatwa. Anayetaka kujitoa huenda mahakamani, akalipa ada ya euro 30 na kutia sahihi. Sisi tuliozoea sadaka ya bahasha na mnada wa kuku na ndizi baada ya ibada, ambako asiyeonekana Jumapili mbili huulizwa habari zake, hatuelewi upesi jinsi mtu anavyoweza kutoka kanisani bila jirani yake kujua. Sikutumwa kuwarudisha. Anayekuja mezani namuuliza masomo yanaendaje, na akija tena namuuliza tulipoishia.

Kinachonichosha, nikueleze ukweli, ni kwamba kila ninapoalikwa na sharika za jirani naombwa nije na ngoma. Naimba kwa kuwa napenda kuimba, lakini nimewakumbusha kwamba nimesomea theolojia.

Hoja yako kwamba vijana wa nyumbani nao wanahitaji mchungaji ni nzito, nami sitaipunguza. Wanafunzi wetu wa Dar es Salaam na Mwanza wanajaza ibada leo, lakini sioni kwamba tunawauliza mengi baada ya kipaimara kuliko walivyoulizwa hawa, isipokuwa kama wanaimba kwaya. Ndiyo maana nimemwandikia Baba Askofu kwamba nikirudi anipangie kazi na wanafunzi wa vyuo, si usharika mkubwa wa mjini. Mama yako anasema hilo litatupunguzia kipato, na katika hilo yuko sahihi. Zungumza naye kabla hujanijibu.

Wasalimu wote hapo nyumbani.

Baba yako