Usiunganishe mpira au usiunge mipira?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimepewa kazi ya kutafsiri kijitabu cha maelekezo ya jiko la gesi kutoka Kiingereza. Nimekuta attach, connect na join, na kote nimeandika "unganisha". Mhariri amenirudishia kazi akisema nimechanganya mambo. Kwani maneno haya si yaleyale? Hata link, merge na unite hunitatiza.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mhariri wako yuko sahihi, na kwenye kazi kama hii kosa hilo linaweza kumuunguza mtu. Tuanzie hapohapo jikoni.

Attach the regulator to the cylinder. Hapa kuna kidogo na kikubwa: mtungi ndio mwenyeji, regulata ndiyo inayokuja kushikizwa. Andika "Funga regulata kwenye mtungi", au "pachika" kama ni ile ya kubonyeza. Faili inayotumwa na barua pepe huitwa kiambatisho kwa sababu hiyohiyo: faili huifuata barua, barua haiifuati faili.

Connect the hose to the regulator. Connect hutaka njia ya kitu kupita: gesi, maji, umeme, data, hata abiria anayebadilisha ndege. Vitu viwili hubaki viwili, na kesho unaweza kuvitenganisha. Hapa "unganisha" yako inafaa kabisa: "Unganisha mpira na regulata, kisha kaza klipu."

Sasa Do not join two hoses. Join ni ncha kwa ncha, vipande viwili viwe kimoja kirefu. Kwa mafundi wetu huko ni kuunga: fundi cherehani huunga kitambaa kilichopungua, fundi bomba huunga bomba, mganga wa jadi huunga mfupa. Wewe umeandika "Usiunganishe mipira". Hebu mfikirie mama aliyenunua jiko leo, kijitabu mkononi. Mstari wa juu umemwambia aunganishe mpira, wa chini unamkataza. Ataona wa chini umekosewa, ataupita. Mwezi ujao akihamisha jiko na mpira usifike, ataongeza kipande na kukizungushia utepe wa plastiki, na gesi itavuja palepale kwenye kiungo. Andika: "Usiunge vipande viwili vya mpira." Ningependa uongeze "Mpira ukiwa mfupi, nunua mrefu zaidi", lakini hayo hayamo kwenye Kiingereza, kwa hiyo mwombe mteja ruhusa kwanza.

Inaniuma kwamba tofauti hii tunayo wenyewe, kuunga na kuunganisha, na tunaiacha ife kwa kutumia neno moja kila mahali.

Ukitafsiri kwenda Kiingereza, kumbuka pia kwamba mtu "hujiunga na jeshi", lakini Kiingereza husema join the army, bila kihusishi chochote kama with. Ile "na" yetu ndiyo inayotuponza tukaandika join with the army.

Link asili yake ni pete ya mnyororo. Kila pete ina umbo lake, ila zimeshikana. Ndiyo maana hutumika kwa uhusiano. Ukikuta habari za afya zinasema dawa fulani is linked to ugonjwa fulani, andika "inahusishwa na". Ukiandika "inasababisha", umemsingizia mtafiti jambo ambalo hakulisema.

Merge imetoka Kilatini, mergere, yaani kuzamisha. Njia mbili za magari zikiingiana, au mafaili mawili yakawa moja, huoni tena mshono.

Unite ni ya watu na nchi zinazokubaliana kuwa kitu kimoja. Hati za Muungano za mwaka 1964, kwa Kiingereza, zinasema Tanganyika na Zanzibar zitakuwa united katika jamhuri moja yenye mamlaka. Connected ingekuwa barabara au waya wa simu tu. Kwenye kijitabu cha jiko hutalikuta neno hili.

Kabla ya kumrudishia mhariri, mpe rasimu mtu anayepika kwa gesi kila siku. Mwekee mtungi, regulata na mpira mbele yake, msomee sentensi moja moja, utazame mikono yake inafanya nini. Ikisita, rekebisha sentensi hiyo.