Mkono unajitoa kabla hujasikia maumivu: maswali yenu kuhusu refleksi

Nikigusa sufuria ya moto, mkono unaruka wenyewe, maumivu yanakuja baadaye. Nani ameuamuru?

Uti wa mgongo, bila kungoja ubongo uamue; jibu la mwili la namna hiyo ndilo refleksi. Ncha za neva kwenye ngozi ya kidole huanza kutoa taarifa ya hatari joto likifika nyuzi 43 hivi za Selsiasi. Taarifa hupanda mkononi kwa neva ya hisia na kuingia uti wa mgongo kwa upande wa nyuma, usawa wa shingo. Humo kuna seli za kati zinazofanya kazi mbili kwa mpigo: zinaamsha neva ya mwendo ya misuli inayokunja kiwiko, na zinanyamazisha ile ya msuli unaokinyoosha. Kazi hiyo ya pili husahaulika sana madarasani, na bila hiyo misuli ingevutana, mkono ukabaki palepale.

Nakala ya taarifa inaendelea hadi ubongoni, ila njia ni ndefu, ndiyo maana unapiga yowe mkono umeshaondoka. Yale maumivu ya kuunguza yanayofuata hupita kwenye nyuzi nyembamba za neva, mwendo wa mita moja hivi kwa sekunde. Kutoka kidoleni hadi shingoni ni karibu mita nzima, kwa hiyo yanachelewa kama sekunde moja.

Kuwahi kujitoa hakumaanishi ngozi imesalimika. Vua pete, weka kidole chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, wala usiweke barafu.

Mbona wapishi hushika sufuria ya moto hadi waitue?

Kwa sababu ubongo una neva zinazoshuka hadi kwenye uti wa mgongo na kuizuia refleksi ukijua mapema kinachokuja. Ngozi inaendelea kuungua kama kawaida.

Daktari amenigonga goti kwa kinyundo, mguu haukuruka. Ndiyo nimeanza kupooza?

Kwa hilo peke yake, la. Kinyundo hugonga kano iliyo chini tu ya pia ya goti. Kano ikibonyea, msuli wa mbele wa paja unavutwa kidogo, na vihisi vilivyomo ndani yake vinapeleka habari kwenye uti wa mgongo kwa neva za tatu na nne za kiuno. Hapa hakuna seli ya kati: neva ya hisia inakutana na ya mwendo moja kwa moja. Msuli huanza kujibu ndani ya sekunde 0.02 hadi 0.03.

Kipimo chenyewe huharibika kirahisi. Mgonjwa amekaza paja, au nyayo zinagusa sakafu, au kinyundo kimetua kwenye mfupa. Kaa miguu ining'inie, nasa vidole vya mkono mmoja kwenye vya mwingine, kisha vuta kwa nguvu wakati unagongwa. Mbinu hii ni ya Ernő Jendrassik, daktari wa Hungaria, na mara nyingi goti lililokuwa kimya huitika.

Madaktari huandika alama 0 hadi 4, na 2 ndiyo ya kawaida. Wapo watu wazima wenye afya ambao magoti yao huitika kidogo sana. Kinachotutia shaka zaidi ni goti moja kuitika na jingine kukataa, au refleksi ya kisigino kupotea miguu yote huku nyayo zina ganzi: hapo tunapima kisukari na upungufu wa vitamini B12. Mguu ukiruka kupita kiasi na kukakamaa, tunatafuta tatizo juu zaidi, kwenye ubongo au uti wa mgongo.

Kipa anayedaka penalti ana refleksi kali, sivyo?

Ana macho na mazoezi. Mpira wa kilomita 100 kwa saa hukata mita 11 kwa sekunde 0.4, na kipa anatazama, anachagua, anaruka: kazi ya ubongo. Jipime kwa rula. Mwenzako aiachie bila kukuonya, wewe uibane kwa vidole vilivyokuwa kwenye sifuri. Ukiidaka kwenye sentimita 15, umetumia sekunde 0.17. Goti lingeshakushinda zamani.

Mwanangu wa wiki tatu hushtuka na kurusha mikono pande zote. Ni degedege?

Kelele au kichwa kuanguka nyuma kidogo hufanya kichanga afungue mikono, kisha aikunje kama anayekumbatia. Ni kawaida, na huisha kabla ya miezi sita. Mpeleke kliniki akirusha mkono mmoja tu, maana huenda neva za bega zilivutwa wakati wa kuzaliwa, au mtulinga umevunjika. Mitikisiko ya degedege hurudiarudia, na haikomi ukimshika kiungo taratibu. Hiyo ni ya kukimbizwa hospitali.

Kwa nini mgonjwa wa pepopunda huwekwa chumba kimya chenye mwanga hafifu?

Sumu ya pepopunda huzuia zile seli zinazonyamazisha misuli pinzani. Refleksi zinabaki bila breki: mlango ukibamizwa, taa ikiwashwa au shuka likivutwa, misuli yote inakaza pamoja, hata ya kifua, na pumzi inakatika. Kuugua pepopunda hakumpi mtu kinga. Akipona, lazima amalizie chanjo zake.